Estevanico, Mwafrika Aliyetangulia Mbele

Mwulize mwanafunzi yeyote wa shule ya upili, awe wa Homa Bay au wa Migori, akutajie wavumbuzi wa kale, naye atakutajia Vasco da Gama, Columbus, Speke na Stanley bila kusita. Kisha mwulize ni nani aliyewasemea mabwana hao walipofika ugenini wasijue hata neno la kuombea maji. Hapo utamwona ananyamaza. Simlaumu kijana huyo, kwa maana hata sisi walimu wake tulisomeshwa hivyo hivyo, na wengi wetu tungali tukifundisha hivyo hivyo. Ndiyo sababu leo nimeona heri niwasimulie wasomaji habari za mtu mmoja wa Afrika ambaye, katika karne ya 16, alikuwa ulimi wa Wahispania katika nchi ambazo leo ni kusini mwa Marekani na kaskazini mwa Mexico. Alikuwa mtumwa. Hakuacha barua wala kitabu. Yote tunayoyajua juu yake yaliandikwa na watu wengine, tena kwa kalamu iliyokuwa na haraka ya kuhamia habari nyingine.

Wahispania walimwita Esteban, na zaidi kwa jina la kupunguzia, Estevanico, kama vile mtu mzima anavyoitwa jina la mtoto na bwana wake. Jina alilopewa na wazazi wake hawakujishughulisha kuliandika. Waliandika tu kwamba alikuwa mtu mweusi, mwenye kusema Kiarabu, mzaliwa wa Azemmour. Mji huo uko Morocco, mahali mto Oum er-Rbia unapoingia katika bahari ya Atlantiki. Wareno waliuteka mwaka 1513, na ilipokuja njaa kali ya miaka ya 1520 na 1521, watu wengi wa pande hizo waliuzwa utumwani kwa ajili ya chakula tu. Estevanico alikuwa kijana wakati huo. Akavushwa hadi Hispania, akabatizwa, akawa mali ya muungwana mmoja aliyeitwa Andrés Dorantes de Carranza.

Mwezi wa Juni mwaka 1527, Pánfilo de Narváez aling'oa nanga Sanlúcar de Barrameda akiwa na merikebu 5 na watu wapatao 600, kwenda kuiteka Florida kwa jina la mfalme. Dorantes alikuwa mmoja wa makapteni, na Estevanico alikwenda pamoja naye. Mtunza hazina wa safari alikuwa Álvar Núñez Cabeza de Vaca, ambaye baadaye ndiye aliyetuandikia habari hizi. Safari ilianza kwa mikosi. Watu zaidi ya 100 walitoroka walipofika Santo Domingo, na tufani iliyopiga Cuba ikazamisha merikebu 2. Hata hivyo Narváez hakushtuka. Aprili 1528 aliteremka Florida, akaziamuru merikebu zifuate pwani, naye akaingia bara na watu 300 kutafuta dhahabu ambayo wenyeji, kwa busara yao, walimwelekeza kuwa iko mbali, kwa Waapalachee. Kwa Waapalachee alikuta mahindi, na mishale. Aliporudi pwani merikebu hazikuwako tena.

Hapa pana jambo ambalo naamini mafundi wa mitumbwi wa Mbita na wa Karungu wangelisikiliza kwa makini kuliko mimi. Watu wapatao 250, wenye njaa na homa, wasio na fundi wa merikebu wala vifaa vya kazi, waliunda mashua 5 katika muda wa wiki 6 hivi. Walitengeneza mivukuto kwa mbao na ngozi za paa. Vikuku vya farasi, matandiko yao na silaha vikayeyushwa viwe misumari, misumeno na mashoka. Kila siku ya tatu walichinja farasi mmoja wamle. Singa na mikia ya farasi zikasokotwa kuwa kamba, mashati yakashonwa kuwa matanga, ngozi za miguu ya farasi zikawa viriba vya maji. Nyufa walizikalafati kwa nyuzi za mnazi mwitu wakapaka utomvu wa msonobari. Septemba 1528 wakaingia baharini, kila mashua ikiwa na watu karibu 50, ukingo wake ukipita maji kwa kiasi cha shibiri moja tu.

Mtu aliyewahi kukumbwa na dhoruba ya usiku katika Ghuba ya Winam hahitaji kuelezwa yaliyofuata. Walipopita mdomo wa mto Mississippi, nguvu ya mto iliwasukuma kilindini. Mashua zikatawanyika. Narváez, aliyekuwa na makasia yenye watu wenye nguvu, aliwaambia wengine kuwa zama za kuamriana zimekwisha, kila mtu na ajiokoe mwenyewe. Akaenda zake, na bahari ikammeza. Mapema Novemba mawimbi yalizitupa mashua mbili, moja ya Cabeza de Vaca na moja ya Dorantes iliyokuwa na Estevanico ndani yake, katika kisiwa cha pwani ya Texas. Waliotoka hai walikuwa kama 80, uchi, mifupa ikihesabika.

Wenyeji wa kisiwa hicho, ambao wataalamu huwahesabu miongoni mwa Wakarankawa, walipowaona wageni katika hali ile waliketi chini wakalia pamoja nao kwa muda mrefu. Kisha waliwabeba hadi makwao, wakiwasha moto mmoja baada ya mwingine njiani ili wasife kwa baridi. Walipowasikia baadaye kwamba baadhi ya Wahispania waliotengwa na wenzao walikuwa wamekulana kwa njaa, walichukizwa mno, na nusura wawaue wote. Nataka mwanafunzi alishike jambo hilo, kwa sababu katika vitabu vya zama zile aliyeitwa mla watu ni mwenyeji daima.

Lakini huruma ya siku ya kwanza si mkataba wa maisha. Majira ya baridi yalikuwa magumu, ugonjwa wa tumbo uliua wageni na nusu ya wenyeji, na kufika masika wale 80 wamebaki 15. Wageni waliosalia wakawa watu wa kuchota maji, kubeba kuni na kuchimba mizizi ndani ya maji mpaka vidole vitoke damu. Sisi wa kando ya ziwa tunalo neno la Kijaluo, jadak, mgeni anayeishi katika ardhi ya ukoo usio wake: hupewa pa kujenga na pa kulima, ila anajua, na kila mtu anajua, kwamba ardhi si yake. Mapokeo ya Wasuba wa Rusinga na Mfangano nayo yasimulia wazee waliovuka ziwa kwa mitumbwi kutoka pande za Buganda na Busoga wakikimbia vita, ambao vizazi vyao vingi vilikuja kuwa wasemaji wa Kijaluo. Kuishi kwa ukarimu wa wengine ni elimu ngumu. Mwanafunzi wa kwanza wa elimu hiyo ni sikio. Hujifunza sauti ya mwenye nyumba akikasirika, na sauti yake akicheka.

Katika elimu hiyo Estevanico aliwatangulia wenzake. Yeye alikwisha kuwa mtumwa ugenini kabla hawajavunjikiwa na chombo. Alikuwa amejifunza lugha ya mabwana kwa shida, akajua namna ya kusoma uso wa mtu mwenye amri juu yake. Sasa Dorantes, bwana wake, alikuwa akipigwa na kutumwa kuni kama yeye. Kwa miaka kadhaa mtumwa na bwana walikuwa sawasawa, kila mmoja akitumikia watu wa pwani, Wamariame na jirani zao, wakihama nao kufuata chakula. Cabeza de Vaca alikuwa mbali, akifanya uchuuzi wa kombe na simbi za baharini kuzipeleka bara na kurudi na ngozi na mawe ya gumegume. Walikutana tena karibu na mwaka 1533, katika majira ya kuokota kokwa za pekani. Wa nne wao alikuwa Alonso del Castillo Maldonado. Kati ya watu 300 walioingia bara la Florida, ni hao wanne waliotoka.

Septemba 1534, wakati makabila yalipokusanyika kula pungate, matunda ya mmea ule wa miiba ambao siku hizi umeenea hata Laikipia, wanne hao walitoroka kuelekea machweo. Waavavare waliwapokea, na kwao wakakaa miezi 8. Huko ndiko walikotakiwa waganguze wagonjwa. Castillo alianza, kwa kuchora ishara ya msalaba, kupuliza na kuomba, wagonjwa wakasema wamepona, habari ikaenea. Mwishowe wote wanne walikuwa waganga, na Estevanico miongoni mwao, yeye aliyezaliwa katika nchi ya Waislamu na kulelewa kwa Kiarabu. Sitaki kubishana na msomaji juu ya kupona huko. Itoshe kusema kwamba palipo na imani ya mgonjwa na utulivu wa mganga mengi hutendeka, na kwamba Cabeza de Vaca kweli alimpasua mtu kifua kwa kisu akamtoa kichwa cha mshale kilichokaa karibu na moyo, akamshona, na mtu yule akapona.

Tangu hapo safari ikageuka kuwa msafara. Kila kijiji kiliwasindikiza hadi kijiji kilichofuata, mamia ya watu, wakati mwingine maelfu. Walipewa manyanga, yale maboga makavu yenye mbegu ndani, ambayo wenyeji waliyaheshimu kama vyombo vya nguvu. Walivuka Rio Grande, wakapita milima na jangwa, na katika kijiji kimoja walipewa mioyo ya paa zaidi ya 600, mahali wakapaita Mioyo.

Basi ni nani aliyesema na maelfu hao? Cabeza de Vaca mwenyewe amekiri katika kitabu chake kwamba yeye na Wahispania wenzake walinyamaza makusudi ili waogopwe na kuheshimiwa, na kwamba yule mweusi ndiye aliyesema na watu daima, aliyeuliza njia, aliyejua vijiji vilivyoko mbele na habari zote walizozihitaji. Walikuwa wamejifunza lugha 6, na palipokwisha lugha walitumia ishara za mikono. Nilipowasomea wanafunzi wangu habari hiyo, msichana mmoja aliuliza: ikiwa yeye ndiye aliyeuliza njia, je, ni nani aliyekuwa akiongoza safari? Sikuona haja ya kumjibu. Swali lake lilikuwa jibu tosha, na ningependa walimu wa historia walichukue waende nalo darasani.

Mapema mwaka 1536 waliona shingoni mwa mwenyeji mmoja kikuku cha mshipi na msumari wa farasi. Wahispania walikuwa karibu. Badala ya furaha, walikuta mashamba yaliyotelekezwa na watu waliojificha milimani wakila maganda ya miti, kwa kuwa wawinda watumwa walikuwa wakizunguka nchi. Cabeza de Vaca alitangulia na Estevanico na wenyeji 11, wakawakuta wapanda farasi 4 waliobaki wameduwaa mbele ya mzungu aliyeungua na jua, asiye na nguo, akifuatana na mtu mweusi mwenye manyoya na manyanga. Kamanda wao, Diego de Alcaraz, hakuwa na chakula. Estevanico alirudi kuwaita Dorantes na Castillo, akaja nao pamoja na wenyeji 600 waliobeba mahindi. Alcaraz alishiba, kisha akataka kuwafanya wale 600 watumwa.

Ugomvi ulikuwa mkali. Alcaraz aliwaeleza wenyeji kwamba hao wanne ni watu wake waliopotea. Wenyeji walikataa kusadiki. Waliona kwamba hawa wametoka maawio na wale machweo. Hawa huponya wagonjwa na wale huua wazima. Hawa wamekuja uchi, bila viatu, na kila walichopewa wakakigawa, ilhali wale wamekuja kwa farasi na mikuki, hawampi mtu kitu ila huchukua. Katika historia nzima ya kutekwa kwa bara lile, sijasoma tofauti kati ya mgeni na mvamizi iliyopambanuliwa wazi kuliko hapo. Alcaraz aliahidi amani, na mara wale wanne walipoondoshwa akaenda kuwavamia watu wale wale.

Julai 1536 waliingia jiji la Mexico, miguu yao ikikataa viatu na mbavu zikikataa vitanda. Hapo usawa wa jangwani ukaisha. Castillo na Dorantes walioa wajane matajiri. Cabeza de Vaca, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1542, alirudi Hispania, akapewa ugavana Amerika Kusini, ambako walowezi walimpindua na kumrudisha kwao katika minyororo. Mwishoni mwa kitabu chake aliwataja waliookoka. Wahispania watatu kila mmoja ana mji wake na nasaba yake. Wa nne ana nusu ya mstari. Estevanico, ambaye miguu yake ilikuwa imelikata bara sawa na ya wenzake, alirudi kuwa mali, akaingia mikononi mwa Makamu wa Mfalme, Antonio de Mendoza.

Na tusidhani kwamba hayo ni ya bara lile peke yake. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni na kupelekwa Bara Hindi, alikuwa na Speke huko Mwanza mwaka 1858 ziwa letu lilipopachikwa jina la malkia. Alisafiri na Burton, akasafiri na Stanley, na pamoja na Cameron akavuka Afrika hadi Atlantiki mwaka 1875. Angalau yeye alipewa nishani na malipo ya uzeeni na Chama cha Kijiografia cha London. Lakini shule zinazoitwa kwa jina lake ziko wapi?

Mendoza alikuwa amesikia juu ya miji mikubwa ya kaskazini, na uvumi ukaigeuza kuwa Miji Saba ya Cíbola yenye dhahabu. Mwaka 1539 alimtuma mtawa Mfransisko, Marcos de Niza, kwenda kuipeleleza, na Estevanico akawa kiongozi wa njia. Kutoka Vacapa mtawa alimtuma atangulie, na kwa kuwa mtumwa hakujua kuandika, walipatana juu ya alama: nchi ikiwa ya kadiri, alete msalaba wa kiganja kimoja, ikiwa kubwa, wa viganja viwili, ikizidi Mexico, mkubwa zaidi. Siku 4 baadaye wajumbe walirudi na msalaba wenye kimo cha mtu. Marcos akamfuata, lakini hakumfikia kamwe. Estevanico hakusubiri. Alikwenda na watu kama 300, njuga miguuni na mikononi, manyoya, mbwa wawili, na sahani za rangi mbalimbali ambazo ndizo tu alikubali kulia. Kwa mara ya kwanza tangu Azemmour hapakuwa na bwana mbele yake, na namwona, nikiwa mwalimu niliyezoea kutazama vijana, kama mtu aliyekuwa akijipatia siku chache za kuwa nafsi yake.

Karibu na Hawikuh, mji wa Wazuni katika New Mexico ya leo, alituma mbele manyanga yake yenye kengele na manyoya mawili, jeupe na jekundu, kama alivyozoea. Mkuu wa mji aliyatazama, akayatupa chini kwa hasira, akaonya kwamba wageni wakiingia watauawa. Estevanico aliwatuliza wenzake kuwa amepata kukaribishwa hivyo mahali pengine na mambo yakaisha vyema. Walimweka katika nyumba nje ya mji, wakamnyang'anya vitu vyake, wakamnyima chakula na maji usiku kucha. Asubuhi ya siku ya pili, Mei 1539, alipigwa mishale akafa.

Wahispania walitafuta sababu katika tabia yake. Coronado, aliyeiteka Hawikuh mwaka 1540 na kukuta nyumba za mawe na udongo pasipo chembe ya dhahabu, aliandika kuwa Wazuni walimtuhumu kwa kuwashika wanawake wao. Castañeda, aliyeandika miaka mingi baadaye na ambaye hakuwapo kifo kilipotokea, alimfanya mlafi na mwenye kiburi. Shutuma hizo sizipuuzi kabisa. Mtu aliyeonewa aweza naye kuonea. Ila yapo maelezo mengine, na ndiyo yanayonishawishi. Mwaka huo huo wa 1540, Hernando de Alarcón alipandisha mashua katika mto Colorado, siku nyingi kutoka Cíbola, na huko mzee mmoja mwenyeji alimsimulia alivyosikia. Mkuu wa Cíbola alimwuliza mtu yule mweusi kama ana ndugu. Akajibu kwamba anao wasiohesabika, wenye silaha nyingi, nao hawako mbali. Wakuu wakakaa shauri, wakaamua afe, asije akawapelekea ndugu hao habari za mahali walipo.

Na maneno aliyoyasema yalikuwa kweli. Miaka minne nyuma alikuwa akiingia vijijini bila kitu na bila mtu nyuma yake ila wagonjwa na wenye kutaka kumwona. Safari hii nyuma yake palikuwa na mtawa, na nyuma ya mtawa jeshi, na Wazuni walilisoma hilo katika kengele zile kabla hata hajafika.

Mzee yule wa mto Colorado alimweleza Alarcón kwamba mkuu wa Cíbola alikuwa na mbwa wa yule mweusi, na kwamba sahani zake nne za kijani alizitunza.